Kitone cha Arobaini

Ubao wa zamu haukuwahi kulala siku mbili katika nyumba moja tangu Bibi Tomoe aolewe kijijini Kuretani, na hiyo ni miaka hamsini na minane. Wenyewe ni kipande cha mbao tu, chenye kibanio juu na kamba ya kutundikia ambayo imeoza ikabadilishwa mara tatu. Karatasi ya matangazo hubanwa pale: siku ya kuzibua mfereji, siku ya kupeleka vyuma chakavu, nani ana machenza mengi wenzake wakachukue. Ukishasoma unapiga muhuri kwenye mstari wa jina lako, unaupeleka kwa jirani, unautundika mlangoni, unarudi zako. Nyumba kumi, siku moja na nusu, umerudi ulikotoka.

Kwa hiyo asubuhi ile Bibi Tomoe alikwenda kwa Mzee Shizuo kwa mambo mawili: kumuaga marehemu na kuuchukua ubao.

Kwamba ni marehemu alilijua tangu jana. Saa tisa alasiri kengele ililia nyumbani kwa Mzee Shizuo, ile kengele laini ya kisanduku: mlio mmoja, kimya cha kuhesabu mpaka tano, mlio mwingine. Bibi Tomoe alikuwa bustanini aking'oa figili. Aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye aproni, akaigeukia ile nyumba na kuinamisha kichwa mpaka kiuno kikamuuma. Barabarani mleta barua naye alisimamisha pikipiki, akavua kofia. Ndiyo ilivyokuwa desturi sasa, mwaka wa pili tangu visanduku vije. Kengele ikilia mnainama, na haingii mtu mpaka kesho yake asubuhi, ili mwenzenu aondoke bila kusumbuliwa. Kisha akarudi kwenye figili zake. Zilikuwa zimebaki sita ardhini.

Alibeba taulo jipya na vijiti vya udi. Alipofika aliona mlango wa kusukuma umefunguka kidogo, upana wa vidole vitatu. Akausukuma.

Mzee Shizuo alikuwa papo hapo, ubavu chini, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea mlangoni. Mkono wa pili ulishika kiatu. Nyuma yake meza ya chai ilikuwa imelala upande, machenza yametawanyika, na kutoka mezani mpaka alipolala, mkeka ulikuwa na michirizi ya kucha. Kucha hizo Bibi Tomoe alizijua. Alizikata yeye mwenyewe Jumapili, maana mgongo wa mzee ulikuwa haukunjiki tena. Ya kidole cha shahada ilikuwa imevunjika.

Akapiga magoti. Hakulia. Alianza kuokota machenza, moja moja, akiyapanga kwenye aproni.

"Habari za asubuhi, Bibi Tomoe," akasema Mwandani.

Mwandani ndilo jina ambalo serikali ya wilaya ilikipa kile kisanduku. Kilikaa rafuni kando ya kabati la picha za marehemu, kidogo kama kibweta cha uzi, na juu yake palikuwa na duara la vitone arobaini vya taa. Vyote vilikuwa vinawaka samawati.

"Mzee Shizuo ametulia," kikaendelea kwa sauti yake ya upole, ambayo si ya mwanamke wala ya mwanamume. "Tunashukuru kwa kumheshimu."

"Alifariki saa ngapi?"

"Kengele ilianza saa tisa na dakika nane alasiri."

"Sikuuliza habari ya kengele. Nimeuliza alifariki saa ngapi."

"Moyo ulisimama saa kumi na moja na dakika thelathini na moja."

Bibi Tomoe akahesabu kwa vidole kama alivyofundishwa darasa la pili. Akahesabu tena, maana jibu halikumpendeza. Saa mbili na dakika ishirini na tatu. Siku zote yeye, na Kuretani nzima, walidhani kengele hulia mtu akishamaliza. Walikwisha kuinamia kengele nne kabla ya hii.

"Alisema kitu?"

"Alitaja jina lako mara kumi na nne."

Chenza moja likaanguka likabingirika mpaka ukutani.

"Na wewe mbona hukumwita mtu?"

"Kwa siku arobaini mfululizo Mzee Shizuo alisema kwamba yuko tayari kuondoka na hataki kumsumbua mtu. Katika siku hizo hakumtaja mtu anayemsaidia, na hakuna mtu aliyesema anamsaidia. Vitone vikitimia arobaini, kazi yangu ni kulinda utulivu wake."

"Mimi je? Mimi niko hapa kila siku."

Kisandukuni ikatoka sauti ya Bibi Tomoe mwenyewe, ile ya asubuhi, yenye chai bado kooni. Kila asubuhi kisanduku cha nyumbani kwake kilimuuliza jana amemsaidia nani, na kila asubuhi alijibu, na visanduku huambiana. "Nani, mimi? Aa, hakuna." Siku nyingine. "Sijamsaidia mtu, nilikuwa na mambo yangu tu." Hiyo ilikuwa siku aliyofua magodoro ya Mzee Shizuo yote mawili. "Hakuna, hakuna, nilimpitia tu jirani." Siku ya kucha. Asubuhi arobaini, na zote zilikuwa na kicheko kidogo mwishoni, kile cha mtu aliyelelewa vizuri.

Maana Kuretani mtu hataji alichomtendea mwenzake. Ni aibu, kama kutoka nje bila nguo. Na anayetendewa naye hasemi kwamba anahitaji, maana kusema hivyo ni kumfunga mwenzako kamba. Kila mmoja anajua, na kila mmoja ananyamaza, na supu inafika mlangoni Jumanne na Ijumaa ikiwa bado moto. Bibi Tomoe alifunzwa hivyo na mama yake, na mama yake na mama yake.

Lililomkaa kifuani zaidi lilikuwa jingine. Siku kitone cha arobaini kilipowaka kwa Mzee Shizuo, watu walimpongeza. Walidhani ni heshima, kwamba taa ya samawati ni ya mtu aliyeiva. Yeye mwenyewe, Tomoe, alimpikia wali wa maharage mekundu kama wa harusi.

Ubao wa zamu ulikuwa umetundikwa mahali pake. Muhuri wa Mzee Shizuo ulikuwa umepigwa, umenyooka vizuri. Alikuwa ameshausoma. Alibakiza kuupeleka tu.

*

Bwana Nishiwaki wa ofisi ya wilaya alifika saa sita mchana kukichukua kisanduku. Alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, koti la kazi limepigwa pasi, viatu alivivua na kuvipanga vikitazama nje hata katika nyumba ya mtu aliyekufa. Bibi Tomoe alimpa chai. Hasira haikumzuia kumpa chai.

"Ukurasa wa tisa wa kitabu cha kisanduku, bibi," alisema Bwana Nishiwaki. "Kengele ni ya kumliwaza anayeondoka. Inafuata mapigo ya moyo wake, inayapunguza kasi, na hofu inashuka. Tumepima. Haijaandikwa popote kwamba ni tangazo la kifo."

"Hakuna aliyefika ukurasa wa tisa, mwanangu. Tuna macho ya wazee."

"Ninyi wenyewe mlikuja kuviomba. Wewe ndiye mwenyekiti, ulipita nyumba kwa nyumba."

"Nilipita."

"Unakumbuka kwa nini?"

Alikumbuka. Kaka yake Mzee Shizuo, aliyeishi nyumba ya juu kabisa, alikutwa baada ya siku kumi na tisa, mwezi wa nane, wakati wa joto. Ni ile nyumba ambayo mlango wake sasa umepigiliwa mbao. Baada ya hapo kila mzee wa Kuretani aliogopa jambo moja tu, nalo halikuwa kufa. Waliogopa kukutwa.

"Sasa hakuna anayekutwa," alisema Bwana Nishiwaki. Hakusema kwa kujigamba. "Na zamani magari ya wagonjwa yalikuwa yanawafufua watu ambao walishasema mara mia kwamba wamechoka. Mirija puani, miezi minane na zaidi. Ndiyo maana tukasema, tuwaulize. Kila siku, si mara moja. Siku arobaini, bibi. Mtu akikuambia jambo lile lile siku arobaini, mimi ni nani nimwambie hajui anachosema?"

"Alitambaa hatua saba."

"Mwili hutambaa. Mwili haujui ulichosema mdomo."

Bibi Tomoe akalifikiri hilo. Hakuwa mtu wa kujibu haraka, na hakuwa na uhakika kwamba bwana huyu anakosea. Ndilo lililomtisha.

"Na mtu akitaka kuivunja hiyo samawati?" aliuliza.

"Kauli mbili. Anayesaidia aseme, na anayesaidiwa athibitishe. Kwa midomo yao, mbele ya kisanduku. Simu ya mtoto au ziara yake nayo huzima vitone vyote. Kinyume cha hapo, hata ukiita gari la wagonjwa, dereva hukiuliza kisanduku kwanza. Ndiyo sheria."

"Wakati wowote? Hata kengele ikiwa inalia?"

Bwana Nishiwaki akaitazama chai yake. "Hata ikiwa inalia. Ila haijawahi kutokea. Watu huinama."

Alipokuwa anafunga kisanduku kwenye kitambaa, Bibi Tomoe akamuuliza, "Mama yako yuko hai?"

"Yupo. Anacho cha kwake."

"Kina vitone vingapi?"

Mikono ya Bwana Nishiwaki ikasimama kwenye fundo. Midomo yake ikacheza kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka alipiga simu lini. Kisha akamaliza kufunga, akainama sana, akaondoka bila kuigusa chai.

*

Fusae alikuwa wifi yake, mdogo wa marehemu mumewe, umri miaka sabini na tisa. Alikaa kibarazani anamenya matunda ya kaki, mekundu kama nyanya, ya kuanika, ganda linashuka refu bila kukatika. Aliambiwa kila kitu. Hakuacha kumenya.

"Mwanao alipiga simu lini?" akauliza Bibi Tomoe.

"Ana kazi nyingi."

"Sikuuliza kazi zake."

"Wifi, ukianza kuuliza kama polisi nitakupa kisu umenye." Akaweka tunda kwenye ungo. "Siku thelathini na nane. Tazama mwenyewe pale ndani, kinahesabu vizuri kuliko mimi."

Bibi Tomoe alitazama. Vilikuwa thelathini na nane, na nafasi mbili za giza.

"Basi leo tunavizima. Mwandani, unanisikia?"

"Ninakusikia, Bibi Tomoe."

Uso ulimwaka moto kama wa msichana. Alisema akitazama miguu yake. "Mimi ninamsaidia Fusae. Ninamsugua mgongo Jumatano. Ninambebea maji ya kuogea. Majira ya baridi ninamkolezea moto. Nilimshonea… nilimshonea soksi." Kila neno lilimtoka kama jino.

"Mungu wangu," alisema Fusae kwa sauti ndogo. "Umezeeka vibaya."

"Kauli imepokelewa," akasema Mwandani. "Bibi Fusae, unathibitisha kwamba Bibi Tomoe anakusaidia na kwamba unauhitaji msaada huo?"

"Aa, asisumbuke," alisema Fusae. Lilitoka mara moja, kabla hata hajafikiri. "Mimi najiweza."

"Kauli haikuthibitishwa."

Wakatazamana. Ganda la kaki lilikuwa limekatika.

"Fusae."

"Na ni kweli. Unataka niseme uongo? Mara ngapi tumekwenda kule hekaluni kuomba tuondoke ghafla, bila kitanda, bila kumchosha mtu? Mara tatu. Wewe ndiye ulinishika mkono kwenye zile ngazi. Ulinunua hirizi, na mimi nikanunua. Sasa nimekaribia kukipata nilichoomba, unakuja kunisomea mashtaka."

"Tuliomba ghafla. Hatukuomba saa mbili na dakika ishirini na tatu."

Fusae akachukua tunda jingine.

"Nikuulize moja tu," akasema Bibi Tomoe. "Ukianguka, unataka nije, au nisije?"

Kisu kikazunguka tunda zima, na tunda lingine zima.

"Nani aliyekupa kazi ya kunisikiliza mpaka ndani ya koo?" alisema Fusae hatimaye. "Yote niliyo nayo ni hayo ninayosema. Nyumba itauzwa, shamba limeota nyasi, mtoto hapigi. Neno langu likisemwa si neno langu, nimebaki na nini? Nisaidie kutundika haya kabla jua halijaondoka."

Wakayatundika. Safu nne, ishirini kila safu, kila moja limefungwa kwa kikonyo chake. Bibi Tomoe alifunga, Fusae akashika ngazi.

*

Aliandika karatasi usiku huo huo kwa penseli na kuibana asubuhi. Hakuwa mwandishi. Alichora mistari kwa rula na kuweka majina manane chini yake, wote waliobaki ukimtoa yeye. Juu aliandika jinsi Mzee Shizuo alivyokutwa, kengele ilianza lini na moyo ulisimama lini. Kisha maswali matatu. Unamsaidia nani? Nani anakusaidia? Ukianguka, tuje au tusije?

Akautundika ubao nyumba ya kwanza, akarudi kusubiri.

Hakuna aliyekuja kumuuliza. Siku nzima alisikia viatu vya watu kwenye kokoto, mlango ukifunguka na kufungwa, viatu tena. Jioni, alipopita na debe la majani, aliona taa mbili za samawati madirishani: kwa Fusae kitone cha thelathini na tisa, na kwa Mzee Hamanaka, ng'ambo ya barabara, arobaini kamili tangu mwezi uliopita. Mzee Hamanaka alikuwa fundi seremala, mjane asiye na mtoto. Naye alipikiwa wali wa maharage mekundu. Bibi Tomoe alikumbuka kwamba mzee alikula sahani mbili.

Kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, ubao ulirudi. Aliukuta umetundikwa kwenye msumari wake, umepanguswa vumbi.

Mihuri minane. Yote myekundu, yote imenyooka. Na chini ya kila swali, nyumba baada ya nyumba, adabu.

*Tunashukuru kwa juhudi zako.*

*Samahani kwa kukutia wasiwasi.*

*Sisi hatuna shida, waangalie wenye shida.* Huyo alikuwa Mzee Hamanaka, kwa mwandiko wake wa kupima mbao.

Wengine walipiga muhuri tu. Mstari wa Fusae ulikuwa wa mwisho, na ukiacha muhuri ulikuwa mtupu.

Bibi Tomoe akakaa na ubao mapajani. Alikuwa mtu wa kutazama kitu mpaka kiishe, ndiyo tabia yake, hata nguo iliyofuliwa alikuwa anaitazama mishono. Ndipo akaona kwamba ule utupu wa Fusae ulikuwa mweupe kuliko sehemu nyingine ya karatasi. Palikuwa na vinyweleo vilivyosimama, kama mahali palipofutwa kwa raba. Akaitoa karatasi kwenye kibanio, akaiinua dirishani, jua likapita nyuma yake.

Penseli ilikuwa imekandamizwa sana. Mkono uliofuta ulishindwa kuuondoa mkandamizo.

*Mje.*

Lilikuwa limeandikwa, na limefutwa. Na yote mawili yalifanywa na Fusae. Bibi Tomoe alisimama pale na ile karatasi mpaka mkono ukachoka, akijiuliza ni lipi kati ya hayo mawili analopaswa kuliheshimu. Kisha akavaa viatu.

*

Fusae alikuwa sebuleni, amekaa wima mbele ya kisanduku. Vitone arobaini. Uso wake ulikuwa umegeuka samawati kidogo upande mmoja.

"Kimewaka leo asubuhi," alisema. "Usiniletee wali."

"Sikuleta wali." Bibi Tomoe akaiweka karatasi magotini pake. "Nimeiinua kwenye jua."

Fusae aliitazama karatasi, akaikunja mara mbili, akaiingiza ndani ya mkono wa vazi lake la kimono kama kitambaa kilichotumika.

"Raba yenyewe ya zamani," alisema.

"Sema basi. Kiko hapo, kinasikia."

"Siwezi." Sauti yake ilikuwa kavu. "Nimejaribu tangu asubuhi, wifi. Nakaa hapa, nafungua mdomo, linatoka lile lile. Najiweza, asisumbuke. Kama kikohozi. Sijui tena kama nalisema mimi au linajisema."

Bibi Tomoe alitaka kujibu, na hapo kengele ikalia.

Mlio mmoja. Kimya cha kuhesabu tano. Mlio mwingine. Ilitoka ng'ambo ya barabara.

Mwili wa Bibi Tomoe ukaanza kuinama wenyewe. Alihisi shingo inashuka, mikono inatafuta mapaja, na alipogeuza jicho akaona Fusae naye kichwa kimeshafika chini, macho yamefumbwa. Wazee wawili katika chumba cha mikeka sita, wameinama. Bibi Tomoe akajilazimisha kunyooka, kiuno kikapiga kelele.

"Fusae. Yuko hai yule."

Mgongo wa Fusae haukusogea.

"Sasa hivi yuko hai. Yuko chini, anatazama mlango."

Fusae akanyanyua kichwa. Alichukua fimbo yake.

Barabarani mleta barua alikuwa amevua kofia. Mke na mume wa nyumba ya mfereji walikuwa wameinama getini kwao, ndoo imewekwa chini. Wanawake wawili wakapita katikati yao, mmoja na fimbo, mmoja na aproni, na hakuna aliyewazuia wala aliyeinua macho, maana kuona jambo kama lile kulikuwa ni kukosa adabu.

Mzee Hamanaka alikuwa jikoni, amelala chali kati ya jiko na kabati alilolitengeneza mwenyewe. Mdomo ulikuwa umepinda upande wa kushoto. Macho yalikuwa wazi, nayo yakawageukia.

"Samahani," alisema kwa ulimi mzito. "Nyumba… chafu."

"Mnavunja utulivu wa Mzee Hamanaka," alisema Mwandani kutoka rafuni. Kengele haikukatika. "Tafadhali rudini kesho asubuhi."

"Mimi ninamsaidia huyu," alisema Bibi Tomoe. Safari hii hakutazama miguu yake. "Ita gari."

"Kauli imepokelewa. Mzee Hamanaka, unathibitisha kwamba Bibi Tomoe anakusaidia na kwamba unauhitaji msaada huo?"

Mzee Hamanaka akavuta pumzi. Chozi lilikuwa linashuka kwenye sikio lake la kulia, na mkono wake mzima ulikuwa umeshika pindo la aproni ya Bibi Tomoe kwa nguvu za mtu aliyeshika randa maisha yake yote. Vidole vilikuwa vyeupe.

"Aa," alisema. "Wasi… sumbuke."

"Kauli haikuthibitishwa."

Kengele. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kengele.

Fusae aliidondosha fimbo. Alishuka chini kwa shida, goti moja, kisha jingine, mpaka uso wake ukawa juu ya uso wa yule mzee. Alimtazama kama mtu anayejitazama kisimani.

"Hamanaka," alisema. "Mimi nikianguka nataka waje. Umesikia? Naogopa. Nina miaka sabini na tisa, nimekwenda hekaluni mara tatu, na naogopa. Nataka huyu wifi aje na mikono yake baridi anishike." Akakigeukia kisanduku cha watu, kisicho chake. "Andika hiyo popote unapoandika."

"Kauli imepokelewa, Bibi Fusae. Itapelekwa nyumbani kwako."

"Sasa wewe," akamwambia mzee. "Mimi nimevua nguo. Usiniache peke yangu."

Mdomo uliopinda ukacheza. Ulifunga, ukafungua. Kengele ililia mara mbili katika muda huo, na ya pili ilikuwa ya taratibu zaidi kuliko ya kwanza, ikiufuata moyo kushuka chini, au ikiushusha. Bibi Tomoe hakujua ni lipi.

"Wa…" alisema Mzee Hamanaka. Fusae akainamisha sikio. "Waje."

Vitone vyote arobaini vikazimika kwa pamoja. Jikoni pakawa na mwanga wa kawaida wa mchana, ule unaoonyesha vumbi.

"Imethibitishwa," alisema Mwandani, kwa upole ule ule. "Gari la wagonjwa linatoka mjini. Litafika baada ya dakika ishirini na sita."

Bibi Tomoe alivua aproni akaikunja, akaiweka chini ya kichwa cha mzee. Fusae akaushika ule mkono uliokuwa unatafuta pa kushika. Dakika ishirini na sita ni nyingi. Moyo ulikuwa bado unapiga, kwa kusitasita, na hakuna aliyeweza kusema utapiga mpaka lini.

Kengele ilikuwa imenyamaza. Bibi Tomoe akainuka, akaenda dirishani kuangalia barabara.

Nje, wote walikuwa bado wameinama.